Maneno ya Sokoni Katika Darasa la Kemia

Husemwa mara kwa mara kuwa kemia ni somo gumu kwa sababu maneno yake ni mageni. Mwanafunzi akutanapo kwa mara ya kwanza na atomu, molekuli, elementi na kampaundi, hudhani kuwa hiyo ndiyo milima anayopaswa kuipanda, na kwamba akisha kuyakariri maneno hayo amefika kileleni. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Neno geni lina uaminifu wake: humwambia msomaji waziwazi kuwa hamjui, na kwamba hana budi kulitafutia maana. Neno lililozoeleka ndilo lipitalo mlangoni bila kuulizwa habari, likaketi, likala, na likapotosha. Wengi wakwamao katika misingi ya elimu hii hawakwami katika atomu. Hukwama katika maneno waliyoyanyonya pamoja na maziwa: kuchoma, safi, kuyeyuka, chumvi, moshi.

Nataka kuyahoji maneno hayo kama mhakiki ahojivyo maneno ya shairi, na mahali pa kuyahojia nimepachagua Katito, katika nchi ya Nyakach, penye soko kando ya njia itokayo Ahero kwenda Sondu, na ambapo njia nyingine huchepuka kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Mwanafunzi wa hapo husoma kemia kwa Kiingereza, hununua na kuuza kwa Kiswahili, na huota ndoto zake kwa Kijaluo. Dhana moja ya kemia husafiri katika lugha tatu kabla ya kutulia kichwani mwake, na katika kila kivuko huongeza mzigo au hupoteza sehemu yake.

Tuanze na gunia la makaa. Muulize muuzaji makaa yamepatikanaje, naye atakujibu bila kusita: yamechomwa. Pembeni yake yuko mama achomaye mahindi. Mbele kidogo pana nyama ya kuchoma. Na aliye na mali ya kujenga nyumba ya kudumu ametafuta matofali ya kuchoma. Ukienda upande wa Muhoroni hadi Koru, ambako kampuni ya Homa Lime imefanya kazi yake kwa miaka mingi, utakuta hata jiwe huchomwa likawa chokaa. Kitenzi ni kimoja, na katika soko hakuna apotezwaye nacho. Lakini mwanafunzi aingiapo darasani hufundishwa kuwa kuungua ni kitu kuungana na oksijeni ya hewani na kutoa joto, mara nyingi pamoja na mwanga. Huandika fasili hiyo katika daftari, huipigia mstari, kisha hutoka nje na kuendelea kuamini kuwa makaa yamechomwa.

Yafaa tumwangalie mchoma makaa kazini. Hupanga magogo yake kwa makini, huyafunika kwa majani, juu ya majani hutia udongo, na huacha vitundu vichache tu. Akisha kutia moto huenda asilale usingizi mzito kwa siku kadhaa, kwa maana udongo ukibomoka mahali na hewa ikaingia kwa wingi, hukimbia na koleo kuziba. Anaogopa nini? Anaogopa kuni zisiungue. Zikiungua atabakiwa na majivu, na majivu hayana mnunuzi. Kazi yake yote ni kuuzuia ule moto ambao sisi twadai kuwa ndiyo kazi yake. Mti umefanywa hasa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Ukipashwa joto kali mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoka mvuke wa maji, moshi, lami na gesi nyingine, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni. Huko ni kutengana, wala si kuungana. Kuungua kwa kweli kutatokea baadaye, ndani ya jiko la mnunuzi. Kwa hiyo mchoma makaa, ambaye pengine hajapata kuketi darasani, anaijua kanuni ya kuungua kwa mikono yake kuliko mwanafunzi aliyeikariri. Kinachomkosea ni kitenzi tu.

Jiwe la chokaa lastahili kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi. Jiwe hilo ni kalsiamu kabonati. Likipata joto la kiasi cha digrii 900 za Selsiasi, hutengana kuwa chokaa kali na gesi ya kaboni dioksidi. Katika kila gramu 100 za jiwe lisilo na taka, gramu 44 hupaa hewani na gramu 56 hubaki tanuruni. Kilichoungua ni kile kilichotiwa kuleta joto. Jiwe lenyewe halikuungua hata chembe. Waswahili wa Lamu na wa Unguja, waliojenga nyumba zao za mawe kwa chokaa ya matumbawe, nao walisema wanachoma chokaa, na nyumba zao zilisimama karne kwa karne bila kudhurika na kosa la kitenzi. Mtu aweza kufanya kazi njema kwa neno lisilo kamili. Asichoweza ni kulitegemea neno hilo limweleze kwa nini jiwe zito limetoka tanuruni jepesi.

Hilo la wepesi ndilo lililomshughulisha Joseph Black wa Uskochi, ambaye katika mwaka wa 1756 alichapisha habari za majaribio yake juu ya chokaa na vitu vya jamii yake. Alipima uzito kabla na baada, akaonyesha kuwa kilichopungua ni gesi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Miaka 33 baadaye, mwaka wa 1789, Lavoisier wa Ufaransa alitoa kitabu chake kikubwa cha kemia, na ndani yake orodha ya dutu 33 alizozihesabu kuwa elementi, yaani vitu visivyoweza kutenganishwa zaidi. Chokaa imo katika orodha ile! Mwanga umo, na joto limo pia. Lavoisier mwenyewe alishuku kuwa chokaa huenda ikawa na kitu kingine ndani yake, walakini hakuwa na njia ya kuitenganisha. Ilikuwa mwaka wa 1808 ambapo Davy, kwa nguvu za umeme, alipata kalsiamu peke yake, na chokaa ikatolewa katika ukoo wa elementi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu vitabu vyetu vingi vya shule havilitaji, na kwa maoni yangu hiyo ni dosari kubwa. Hutoa fasili ya elementi kama sheria iliyoshuka kutoka mlimani. Mwanafunzi haambiwi kuwa fasili ile ni hukumu iwezayo kukatiwa rufani, na kwamba imewahi kubatilishwa kwa kitu alichopakwa ukutani mwa darasa lake. Badala yake huletewa unga wa chuma na unga wa salfa, vichanganywe, kisha vipashwe moto, aone tofauti ya mchanganyiko na kampaundi. Jaribio ni zuri, sikatai. Lakini ni nani Katito aliye na salfa nyumbani? (Jina lake la zamani la Kiswahili, kiberiti, limebaki kwa vijiti vya kuwashia moto, na hata hapo wachache wajua kuwa ni jina la madini.) Chokaa iko kila mahali. Ikitiwa maji hupata moto wenyewe; iliyotulia majini huchujwa ikawa maji ya chokaa; na mwanafunzi apulizapo pumzi yake kwa mrija ndani ya maji hayo, huyaona yakigeuka meupe kama maziwa. Jaribio hilo hufanywa shuleni kila mwaka, na jibu lake hukaririwa kila mwaka: ni dalili ya kaboni dioksidi. Lakini weupe ule ni nini? Ni kalsiamu kabonati, jiwe lile lile la Koru, lililorudishiwa na pumzi ya mtoto gesi lililonyang'anywa na tanuri. Sijui kwa nini habari tamu namna hii hufichwa.

Neno la pili ni safi, nalo ni hatari kuliko la kwanza. Mvua kubwa inyeshapo katika nchi za juu, Kericho na Nyabondo, maji hushuka katika uwanda wa Nyakach yakiwa na rangi ya udongo. Makorongo ya Katuk Odeyo yaonyesha ni ardhi kiasi gani imekwisha kuchukuliwa. Katika mwaka wa 2020, na tena 2024, ziwa lenyewe lilifura likaingia katika mashamba na nyumba za watu wa ufuoni. Nyakati kama hizo mtu huchota maji ya matope, akayaacha yatulie, au akatia shabu. Chembe za udongo mwembamba zina chaji za umeme za aina moja, kwa hiyo husukumana na kuelea. Shabu huzitoa nguvu hiyo, zikashikana, zikazama. Maji hung'aa. Hapo kila mtu husema: sasa ni safi.

Mkemia na mganga wote wawili watakana, tena kila mmoja kwa sababu yake. Mganga atasema kuwa vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa uliozuka mara nyingi katika ufuo huu, havionekani kwa macho, na maji yenye kung'aa yaweza kuvibeba. Sharti yachemshwe au yatiwe klorini. Mkemia atasema kuwa hata yakisha kuchemshwa bado si safi, kwa kuwa yana chumvi na madini yaliyomo ndani yake, ambayo moto hauyaondoi. Kwake yeye, kitu safi ni kile kilicho dutu moja tupu. Maziwa mazuri yaliyokamuliwa sasa hivi si safi, kwani ni mchanganyiko wa vitu vingi. Hewa ya asubuhi juu ya ziwa si safi, kwani ni naitrojeni, oksijeni na nyinginezo pamoja. Na sumu iuayo, ikiwa haikuchanganyika na kitu kingine, ni safi kabisa. Mwanafunzi asiyeonyeshwa njia panda hii atatoka shuleni akiwa na maana tatu katika neno moja: maji yaonekanayo vizuri, maji yasiyo na ugonjwa, na maji yasiyo na kitu kingine. Mitihani humdai ya tatu, uhai wake humdai ya pili, naye macho yake yamezoea ya kwanza.

Zaidi ya hayo, hufundishwa kuwa maji safi hujulikana kwa kuchemka katika digrii 100. Fasili hiyo imeacha nyuma sharti lake. Digrii 100 ni za mahali penye kanieneo ya hewa kama ya usawa wa bahari, Mombasa au Unguja. Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari, na kwa hiyo maji katika darasa la Katito huchemka karibu na digrii 96. Huko Nyabondo juu, chini zaidi ya hapo. Sasa fikiri mwanafunzi mwaminifu atazamaye kipimajoto chake, akaona 96, na kitabuni akasoma 100. Ana njia tatu: aseme maji yana taka, aseme kipimajoto ni kibovu, au aandike 100 na kunyamaza. Nachelea kuwa wengi huchukua ya tatu. Siku hiyo amefundishwa jambo baya kuliko kutojua kemia: amefundishwa kutoyaamini macho yake mbele ya karatasi.

Juu ya kuyeyuka nitasema machache. Barafu huyeyuka juani, na sukari huyeyuka katika chai. Ndivyo tusemavyo, na Kiswahili cha nyumbani hakidai zaidi. Kumbe ni mambo mawili. Barafu ni dutu moja iliyopata joto ikageuka kuwa maji. Sukari katika chai ni dutu mbili zilizoingiliana. Kama sukari ya Chemelil au Muhoroni ingeyeyuka kwa maana ya kwanza, ingehitaji sufuria kavu na moto wa kiasi cha digrii 186, na ingeanza kugeuka rangi ya kahawia. Kwa kuwa neno ni moja, mwanafunzi atafsiripo kimoyomoyo kwenda Kiingereza huchukua neno la barafu akaliweka mahali pa neno la sukari, akapoteza alama, asijue amekosea wapi.

Hapa wataalamu wa lugha walifanya kazi ipasayo kusifiwa. Katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka wa 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, neno mmumunyo limepewa kazi ya kutaja maji yaliyokwisha kuingiwa na sukari au chumvi. Asili yake ni kumumunya, jinsi mtoto afanyavyo na peremende: haitafuni, ila huiacha iishe polepole katika mate. Ni mfano bora, kwani unaonyesha vitu viwili, na kimoja kikitoweka ndani ya kingine pasipo kupotea, kwa maana utamu ungalipo. Sidhani kuwa Kiingereza kina neno lionyeshalo tendo hilo kwa uzuri huu. Kuhusu kampaundi, ambayo wengine huiita msombo, siwezi kusifu wala kulaumu. Msombo hauniletei picha yoyote, na kampaundi ni mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima. Lakini kama nilivyosema mwanzo, ugeni wenyewe ni ulinzi. Hakuna adhaniye anaijua kampaundi kabla ya kufundishwa.

Chumvi nayo ni ukoo mzima ulioitwa kwa jina la mtoto mmoja. Ile ya mezani ni kloraidi ya sodiamu. Magadi, ambayo Wajaluo huita bala na hupikia mboga ngumu, ni chumvi pia kwa mkemia. Na maji yaliyochujwa katika majivu yana chumvi ya potasiamu. Mpishi ajua kuwa magadi hulainisha mboga na kuitunza rangi yake ya kijani. Kemia humwongezea kuwa hali hiyo ya alikali huharibu vitamini C. Huo ni mfano wa somo na jiko kusaidiana, na sina la kuongeza.

Asidhani mtu kuwa lawama hizi ni za Kiswahili peke yake. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa chumvi ya mezani na ukoo wake wote, na neno moja kwa usafi wa mkemia na usafi wa moyo. Hata jina oksijeni, lililotungwa na Lavoisier kutokana na Kigiriki, maana yake ni mzaa-asidi, kwa kuwa aliamini kuwa hakuna asidi pasipo oksijeni. Asidi iliyomo tumboni mwa kila mmoja wetu ni ya hidrojeni na klorini, nayo haina oksijeni hata kidogo. Jina limebaki, na kosa limebaki ndani yake, nasi twalitamka kila siku. Basi dawa si kuyafukuza maneno ya nyumbani na kuleta mageni matupu. Neno la nyumbani limebeba ujuzi wa mchoma makaa na wa mpishi, na mwalimu akilitupa ametupa na ujuzi huo. Lililo jema ni kuliita mbele ya darasa, kuliuliza lamaanisha nini sokoni, na kupima ni mahali gani kemia yaagana nalo.

Nimeliweka moshi mwisho kwa sababu ndilo neno liuwalo. Katika majira ya mvua za masika, jioni ikiwa na baridi na ukuta ukiwa na unyevu, watu huingiza jiko la makaa ndani ya nyumba. Mwenye busara hulikokea nje kwanza. Hungoja moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo aliingize, akafunga mlango na dirisha, akalala na wanawe. Amefuata hekima ya neno: moshi ndio mbaya, na moshi umekwisha. Lakini moshi ni chembe zionekanazo, na gesi si moshi. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha hutoa kaboni dioksidi. Isipopata ya kutosha, kama katika chumba kilichofungwa, hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala koo. Ndani ya damu gesi hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu ipitayo mara 200 ile ya oksijeni, na mtu aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Tofauti ya gesi hizo mbili ni atomu moja ya oksijeni, na hiyo ndiyo atomu ambayo mwanafunzi huiandika kwa tarakimu ndogo chini ya herufi, au huisahau, akakatwa alama moja.

Mwenye kutaka kuiona kazi yake na atazame jiko likiwa nje, giza likianza kuingia. Juu ya makaa mekundu huchezacheza mwali mwembamba wa rangi ya samawati. Huo ni kaboni monoksidi ikikutana na oksijeni na kuungua, kwa maana halisi ya neno. Baadaye mwali huzimika, makaa yakabaki na wekundu hafifu chini ya majivu, na watu husema jiko sasa limetulia. Gesi haijakoma kutoka. Kilichokoma ni kuungua kwake.